Ikifika Gereji, Hupona

Corolla yangu ya mwaka tisini na mbili
ni rika la mwanangu wa pili, na tabia ni zile zile:
wageni wakiwapo, adabu;
wakishatoka, ananionyesha rangi yake.

Asubuhi natoka Muyeye na keki ya ghorofa tatu
kiti cha nyuma, nimeifunga mkanda kama abiria.
Nabonyeza kidude cha baridi.
Kompresa inaitika, tak,
na ubaridi unanifika mpaka kwenye kucha.
Nikikaribia njia panda ya Gede,
jua limeshakaa utosini,
kimya.
Kinachotoka ni pumzi ya mtu aliyeamshwa usingizini.

Siku ya harusi kule Watamu
ghorofa ya juu ilihamia ya chini,
waridi za sukari zikateleza moja moja
kama watoto wanaotoroka chuoni.
Mama wa bwana harusi hakupaza sauti.
Alivitazama viatu vyangu.

Fundi wa kwanza: "Gesi, mama."
Akajaza, nikalipa.
Wa pili akaitoa gesi ya wa kwanza
akatia yake, nikalipa.
Wa tatu akasema kompresa imekufa,
niagize nyingine Mombasa, elfu ishirini na nane.
Maiti gani huyu, nikamuuliza,
anayefufuka kila akiona sanduku la spana?

Maana ikiingia gereji hupuliza baridi ya mlimani.
Fundi huweka kiganja, humwita mwenzake
aje akaushe jasho.
Kisha hunigeukia mimi, kwa upole:
"Mama, labda ni joto la umri."

Joto la umri ninalo, sikatai.
Lakini hilo hunijia usiku,
na halijui njia ya Gede.

Kadzo hakusema hivyo.
Kadzo binti Karisa, ana kibanda cha waya na betri
nyuma ya kituo cha mafuta. Hakugusa boneti.
"Hukatika saa ngapi? Kwenye lami au kwenye mashimo?
Feni ya ndani huzima nayo?
Ukiliegesha likapoa, hurudi?"
Mwaka mzima sikuwa nimeulizwa swali.
Nilijibu kama niko kizimbani:
saa sita, popote, feni haizimi, hurudi magharibi.
"Basi usiniachie gari," akasema. "Nichukue."

Tukashika njia ya Mambrui, vioo juu,
yeye na taa ndogo ya kupimia mapajani,
waya mmoja umeuma chuma, wa pili
umepenya chini ya dashibodi mpaka kwenye relei.
Daraja la Sabaki, taa inawaka.
Tukasema bei ya unga, bei ya mayai. Inawaka.
Gongoni tukaliacha juani makusudi,
tukala viazi karai, tukarudi. Usukani hausha-
shikiki. Tak.
Dakika nne. Taa ikafa pajani mwake
na baridi ikafa nayo.

"Usizime," akanong'ona,
kama mtu aliyemwona paa.
Akaigonga relei kwa mpini wa bisibisi. Taa ikawaka.
Akaichomoa, kisanduku cheusi cha ukubwa wa tende,
akakivua koti kwa kisu. "Hapa."
Sikuona kitu. Akanivutia karibu kwa kamera ya simu:
kwenye mguu wa risasi, ufa wa duara,
mwembamba kama unywele wa mtoto wa arubaini.
Kukiwa na baridi unajifunga.
Kukiwa na joto unaachana.

"Nimewahi kuolewa na mtu wa namna hiyo," nikasema.
Kadzo hakucheka. Alikuwa anasaka
kitambaa cha kufutia vumbi la chumvi.

Kibandani akalehemu tone moja. Shilingi mia tatu.
Nikampa elfu, akanirudishia chenji yote.

Juzi nimepita Gede saa saba mchana.
Nikasimama kando ya barabara, nikazima,
nikahesabu mpaka mia, nikawasha.
Tak.
Nikazima tena.
Nyuma keki ya watu imekaa wima, inanisubiri
nimalize kutoamini.